UZI: Tulimfuta marehemu, akaondoka na kilo zake. Tuongee uhusiano wa majedwali kwenye koodi

Mlima Kahawa (Moshi)

Heshima kwenu wakuu. Uzi huu ni kwa wale wanaotengeneza mifumo, hasa sisi wa mikoani ambako wewe ndiye programa, wewe ndiye fundi wa seva, na printa ikigoma unaitwa wewe. Naandika "koodi" kwa o mbili makusudi, maana hapa Moshi ukisema "kodi" mtu anafikiri mwenye nyumba amekuja.

Picha linaanza hivi. Kuna chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa huku juu migombani, jina tuliache, ambacho mfumo wao naushughulikia mimi. Kazi ya mfumo si ngumu kuieleza. Mkulima analeta kahawa ya maganda, karani anapima, stakabadhi inatoka, mkulima anachukua malipo ya awali. Kahawa ikishauzwa, anapata malipo ya pili kwa kadiri ya kilo alizoleta. Kwa hiyo majedwali ya msingi ni matatu: wakulima, stakabadhi na malipo. Kila stakabadhi ina mkulima wake, kila malipo yana stakabadhi yake. Ukiniuliza wakati ule ningekuambia hiyo ni kazi ya jioni mbili.

Msimu wa kwanza, katikati kabisa, mzee mmoja mwanachama akafariki. Baada ya mazishi katibu wa chama, mtu makini ambaye hata kalamu zake anazihesabu, akaona asafishe daftari la wanachama. Akafungua ukurasa wa usimamizi, akamtafuta mzee, akabonyeza futa. Mfumo ukamwonyesha orodha ndefu ya vitu vitakavyofutwa pamoja naye, ukamuuliza kama ana uhakika. Katibu akaona hayo ni maneno ya kompyuta tu. Akabonyeza ndiyo.

Siku tatu baadaye tunafunga hesabu ya wiki, kilo za mfumo na kilo za ghalani haziongei. Mizani ikalaumiwa kwanza. Karani akalaumiwa wa pili, na nusura aache kazi. Ndipo kijana wa marehemu akaja ofisini na stakabadhi za baba yake zimefungwa kwa mpira, anauliza malipo ya pili yatatoka kwa jina la nani. Karani anatafuta namba ya kwanza: haipo. Ya pili: haipo. Hakuna hata moja.

Mimi nilikuwa kwenye kosta natoka Arusha, tumefika Kikatiti, simu ikaita. Katibu hakumaliza sentensi nikawa nimeshajua, kwa sababu ule mstari niliuandika kwa mkono wangu:

`mkulima = models.ForeignKey(Mkulima, on_delete=models.CASCADE)`

Neno la mwisho pale ndilo lililokula kilo za mzee. Maana yake: mkulima akifutwa, futa na stakabadhi zake zote. Na stakabadhi zikifutwa, futa na malipo yake, kwa sababu huko nako niliweka neno lilelile. Kwa nini niliweka? Kwa sababu mfano niliojifunzia ulikuwa umeandikwa hivyo. Django, zana ya kujengea mifumo kwa lugha ya Python niliyoitumia hapa, tangu toleo la 2.0, la mwaka 2017, inakulazimisha uandike `on_delete`, huwezi kuiacha wazi. Waliotunga walitaka ufikiri kidogo kabla ya kuandika. Sisi tukanakili.

Bakapu ya usiku ndiyo iliyotuokoa. Hapa naomba vijana wanisikilize: sikuirudisha yote juu ya databesi inayofanya kazi, maana ningepoteza upimaji wa siku tatu. Niliifungua kwenye databesi ya pembeni, nikachomoa mkulima, stakabadhi na malipo yake tu, nikavirudisha na namba zake zilezile, kuanzia kwa mkulima mwenyewe halafu kushuka chini. Ukianza na stakabadhi databesi itakukatalia, itakuuliza mwenye mali yuko wapi.

Sasa ninalotaka kusema. Ukiunganisha majedwali mawili kwenye koodi unaulizwa maswali mawili. La kwanza ni nani wa nani, na hilo wote tunalijibu vizuri. La pili: mwenyewe akiondoka, vyake vinabaki kwa nani? Hilo tunalijibu kwa kunakili, ilhali si letu kulijibu. Pale ofisini nilikuwa nimezungukwa na wazee wa Kichagga. Kila mmoja wao anajua mzee akifariki kihamba, yaani shamba la ukoo, hakifi naye, kuna mrithi, kuna kikao, na anajua nani anakaa wapi kwenye kikao hicho. Nilikaa nao wiki mbili nikichora majedwali, tukanywa chai chupa kwa chupa, na sikuwauliza swali hilo hata mara moja.

Nilipowauliza, jibu lilikuja kwa dakika tano. Mkulima hafutwi. Anaandikwa amefariki, au amehama, au amejitoa. Stakabadhi zinabaki kwa jina lake kwa sababu kahawa aliileta yeye. Malipo ambayo hayajatoka yanakwenda kwa mrithi baada ya familia kuleta karatasi zao. Kwenye koodi likawa jambo dogo tu: `CASCADE` ikawa `PROTECT`, safu mpya ya hali kwenye jedwali la wakulima, na jedwali jipya la urithi lenye marehemu, mrithi na tarehe. Sasa katibu akijaribu kumfuta mtu mwenye stakabadhi, mfumo unamgomea na kumwonyesha ni stakabadhi zipi zinazomzuia.

Sisemi `CASCADE` ni mbaya. Kitu ambacho hakina maisha bila mwenzake, kifutwe naye: mistari ya ankara ambayo bado ni rasimu, au picha za tangazo ukilifuta tangazo. Lakini ikiguswa pesa, kilo au saini ya mtu, hapana. Na ile ya kuacha pengo, `SET NULL`, niliitumia kwa makarani: karani akiacha kazi tukimfuta, stakabadhi zinabaki na sehemu yake tupu. Nikaiondoa baada ya mwezi. Siku ya ugomvi wa mizani swali la kwanza ni "nani alipima?", na wewe umelifutia jibu mwenyewe.

Nawasilisha. Wenye makovu yenu leteni.

Chalii wa Sakina (Arusha)

Aisee mangi pole, umenichekesha na kunitisha kwa pamoja. Mimi niko Chuga, nafanya mifumo ya watu wa utalii kwa Laravel, zana kama Django ila ya lugha ya PHP. Kwenye modeli zangu, ile koodi inayowakilisha majedwali, nimeweka `hasMany` na `belongsTo` kila mahali, uhusiano umekaa vizuri. Naamini mimi niko salama?

Mlima Kahawa (Moshi)

Chalii wangu, uko salama kama mtu aliyeandika "mbwa mkali" getini na mbwa hana.

`hasMany` ni maelezo tu. Inaiambia koodi yako ikitaka wageni wa safari fulani itafute wapi. Kwenye databesi yenyewe haijajenga chochote. Ukifungua databesi kwa mlango mwingine, mathalani hiyo pgAdmin, programu ya kufungulia databesi, ambayo bosi wako ana nywila yake, unaweza kufuta safari na wageni wake wakabaki wananing'inia, na hakuna atakayekuzuia. Kinachojenga ukuta ni ufunguo wa kigeni, yaani amri kwa databesi kwamba namba iliyoandikwa hapa lazima iwepo kwenye jedwali lile. Unauweka kwenye migresheni, faili la koodi linalojenga majedwali:

`$table->foreignId('safari_id')->constrained('safari')->restrictOnDelete();`

Ukiishia kwenye `foreignId` bila `constrained`, umepata safu ya namba tu. Wengi wanaishia hapo wakidhani neno "foreign" limeshafanya kazi.

Kwa Django ni kinyume kidogo, na hili lilinichukua muda kulielewa. Ufunguo wa kigeni inauweka kwenye databesi, lakini ile `CASCADE` inafanyika upande wa Python: Django yenyewe inakusanya watoto na kuwafuta. Ukiingia kwa SQL ya mkono, yaani lugha ya databesi yenyewe, ukajaribu kumfuta mkulima yuleyule, databesi, kwangu ni PostgreSQL, inakukatalia. Yaani katibu angetumia mlango wa hatari angekwama; alitumia mlango rasmi, akapita.

Chalii wa Sakina (Arusha)

Nimeangalia sasa hivi. Nina `foreignId` kumi na nne. Zenye `constrained` ni tatu.

Siku imeharibika.

Dada wa Pasua (Moshi)

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari zenu. Niongeze la kwangu, si la kufuta bali la kuunganisha.

Nilitengenezea kituo kimoja cha masomo ya jioni mfumo wa wanafunzi na masomo. Mwanafunzi anasoma masomo mengi, somo lina wanafunzi wengi, kwa hiyo katikati kuna jedwali daraja lenye namba ya mwanafunzi na namba ya somo. Mwalimu akawa na fomu ya kumwongezea mwanafunzi somo jipya, na nyuma ya fomu nikaweka:

`$mwanafunzi->masomo()->sync([$somoJipya]);`

Kwa akili yangu nilikuwa nasema "unganisha na hili". Kumbe `sync` inasema "hakikisha ameunganishwa na haya TU". Mtoto alikuwa na masomo matano, akaongezewa la sita, akabaki na moja. Tuligundua mwisho wa mwezi, mzazi mmoja alipoona bili imeshuka akaja kushukuru.

Wa kuongeza tu ni `attach`, au `syncWithoutDetaching` ukiogopa kurudia uhusiano uleule mara mbili. Wa Django mna `add` na `set`, na `set` ina tabia ya `sync`. Majina ni mapole mno kwa kazi wanayofanya.

La pili, na hili ndilo lililonikera zaidi: nilipotaka kurudisha yaliyofutika sikuwa na pa kuanzia, kwa sababu jedwali daraja lilikuwa na namba mbili tu. Hakuna tarehe, hakuna aliyeandikisha. Mstari ukifutwa umefutwa, haujaacha hata kivuli. Siku hizi sitengenezi jedwali daraja tupu. Uhusiano ukiwa na jambo lolote la kusimulia, kama ulianza lini, kwa ada gani, uliisha lini, mimi naupa jina lake na modeli yake. Hilo daraja sasa linaitwa Usajili. Mtoto akiacha somo hatufuti, tunajaza tarehe ya mwisho.

Mlima Kahawa (Moshi)

Dada umegusa penyewe. Kwangu ni mkulima na kihamba. Mwanzoni nilidhani mkulima ana vihamba vingi, basi, safu moja ya `mkulima_id` kwenye jedwali la vihamba inatosha. Halafu nikakutana na kihamba ambacho mama na mwanawe wote ni wanachama na wote wanaleta kahawa kutoka hapohapo. Kikazaliwa kitu kinaitwa Umiliki, chenye mkulima, kihamba, tangu lini na hadi lini. Kwenye Django unakitaja kwa `through`, kwenye Laravel zile safu za ziada unaziita kwa `withPivot`.

Na tafadhali wekeni zuio la kutorudia kwenye lile jedwali la katikati. Bila hilo, mtu akibonyeza hifadhi mara mbili kwa sababu mtandao ni mzito, mna umiliki mara mbili, na kila hesabu inayopita hapo inazidishwa kwa mbili kimyakimya.

Bingwa wa SQL (Arusha)

Nyie watoto mnajitafutia shida kwa hizo ORM zenu, hizo sehemu za Django na Laravel zinazowaandikia SQL. Andika SQL. Ukiandika DELETE kwa mkono wako unajua unafuta nini.

Mlima Kahawa (Moshi)

Mkuu heshima yako, lakini katibu hakuandika SQL wala ORM. Alibonyeza kitufe. Na mfumo wa SQL tupu ukiwa na ON DELETE CASCADE kwenye jedwali lake ungefanya vilevile, tena bila kumwonyesha hiyo orodha aliyoipuuza.

Ninachokubaliana nawe ni kwamba mtu asitumie ORM kama hawezi kusoma SQL inayotoka nyuma yake.

Mwalimu Mstaafu wa Kompyuta (Moshi)

Wanangu, mniruhusu niwapeleke nyuma kidogo, maana naona neno "uhusiano" linatumika hapa kwa maana mbili na wengi hamjui.

Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi kampuni ya kompyuta ya IBM kule San Jose, California, alichapisha karatasi yake mwaka 1970. Ndiyo iliyozaa databesi hizi mnazotumia. Yeye aliposema "uhusiano" hakumaanisha kamba ya kufunga jedwali hili na lile. Kwake uhusiano ni jedwali lenyewe: kundi la mistari ambayo kila mmoja unasema jambo moja la kweli, kwa mfano "huyu alileta kilo hizi siku ile". Neno alilichota kwenye hisabati.

Kabla yake rekodi ziliunganishwa kwa vielekezi. Rekodi hii imebeba anwani ya rekodi ile, na programa kazi yake ni kutembea kutoka moja hadi nyingine. Charles Bachman, aliyepewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya fani ya kompyuta, mwaka 1973, katika hotuba yake ya tuzo alimwita programa nahodha, mtu wa kusafiri ndani ya data. Codd akasema hapana: unganisheni kwa thamani. Namba ya mwanachama ikiwa hapa na pale, inatosha, na mashine itafute njia yenyewe. Naye akapewa tuzo hiyohiyo mwaka 1981.

Sasa angalieni mnachofanya na ORM. Mnaandika `mkulima.stakabadhi`, halafu `stakabadhi.malipo`, mnatembea kutoka kitu hadi kitu. Mmerudi kuwa manahodha! Sikatai, ni raha kuandika hivyo. Ila chini ya maji databesi bado inafikiri kwa makundi, na nyinyi juu mnafikiri kwa mtu mmojammoja. Shida zenu nyingi zinatoka kwenye mwachano huo.

Chalii wa Sakina (Arusha)

Shikamoo mwalimu. Hiyo ya kutembea mmojammoja ndiyo iliyonitoa jasho wiki iliyopita, sasa nimeelewa jina lake.

Kuna ukurasa wa safari za mwezi kwa kampuni moja ya hapa mjini. Safari 60, kila moja inaonyesha dereva na gari. Kwenye mzunguko nimeandika `$safari->dereva->jina` na `$safari->gari->namba`, safi kabisa kwa macho. Ukurasa unachukua sekunde kumi na nane kufunguka. Bosi ananiambia labda ni mtandao, nami nikakubali haraka haraka, si unajua.

Nilipowasha rekodi ya kweri, yaani maombi yanayotumwa kwa databesi, nikaona aibu. Moja ya kuleta safari, halafu kwa kila safari moja ya dereva na moja ya gari. 1 + 60 + 60, jumla 121. Na databesi iko kwenye seva ya Ulaya wakati programu inakimbia kwenye kompyuta ya ofisini, Njiro. Kila kwenda na kurudi ni karibu milisekunde 150. Zidisha mwenyewe.

Nikaongeza neno moja:

`Safari::with(['dereva', 'gari'])->get();`

Kweri zikawa tatu: safari zote, madereva wote wanaohusika, magari yote yanayohusika. Ni sawa na mama anayekutuma Kilombero sokoni: akutume nyanya urudi, vitunguu urudi, hoho urudi, au akuandikie karatasi moja. Halafu nimegundua Laravel ina `preventLazyLoading`. Ukiiwasha kwenye mashine yako ya kazi, kila ukisahau `with` inakupigia kelele hapohapo badala ya kukuacha uaibike kwa mteja.

Mlima Kahawa (Moshi)

Kwa Django dawa ziko mbili, na msizichanganye. `select_related` inaunganisha majedwali ndani ya kweri moja. Inafaa ukitoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi mmoja, kama stakabadhi na mkulima wake. `prefetch_related` inatuma kweri ya pili na kuoanisha kwenye Python. Hiyo ndiyo ya upande wa wengi, kama mkulima na stakabadhi zake zote.

Na mtego ulioninasa mimi: nilileta wakulima na `prefetch_related("stakabadhi")`, nikajisifu, halafu ndani ya mzunguko nikaandika `mkulima.stakabadhi.filter(msimu=msimu)`. Ile `filter` inatupa kila kitu ulichokwisha kuleta na kurudi kwenye databesi upya, kwa kila mkulima. Nikawa nimelipa mara mbili. Kichujio kinatakiwa kikae ndani ya `Prefetch` yenyewe, kabla hujaanza kuzunguka.

Jingine la kasi ambalo watu hawaliangalii. MySQL, databesi nyingine, ukiweka ufunguo wa kigeni inatengeneza yenyewe indeksi, yaani faharasa ya kutafutia haraka, kwenye safu hiyo. PostgreSQL haitengenezi. Django inakuwekea, lakini ukitumia Laravel juu ya PostgreSQL, au SQL ya mkono, ni juu yako. Bila indeksi, kila ukitaka kufuta mzazi mmoja databesi inapekua jedwali zima la watoto kuhakikisha hayupo wa kwake.

Dada wa Pasua (Moshi)

Chalii, kuhusu hizo kumi na nne zako, kabla hujaweka `cascadeOnDelete` kwa hasira, jua kwamba databesi ikifuta watoto yenyewe Laravel haipati habari. Kama una koodi inayosubiri modeli ifutwe ili ifute na faili, haitaamka. Mimi nilikuta picha za wanafunzi ambao hawapo tena zimejaa diski.

Na ukitumia ile ya kufuta kwa kuficha, ambayo mstari unabaki ila unawekewa tarehe ya kufutwa, ujue kwa databesi huo mstari bado upo. Hakuna kitakachowafikia watoto, si kufutwa wala kuzuiwa. Utakuta safari imefichwa na wageni wake bado wanahesabiwa kwenye ripoti.

Mgeni Mjini (Arusha)

Samahani wakuu, naomba msaada, nimekuwa nikisoma kimya. Nimerithi mfumo wa duka la vipuri kutoka kwa jamaa aliyehama. MySQL ya zamani, databesi imehamishwa mara nyingi. Kwenye faili lake la SQL naona funguo za kigeni zimeandikwa vizuri kabisa, lakini ripoti ya mauzo ina bidhaa ambazo hazina jina. Inawezekanaje kama ukuta upo?

Bingwa wa SQL (Arusha)

Andika SHOW TABLE STATUS, utuambie safu ya Engine, yaani injini ya kuhifadhia data, inasemaje.

Mgeni Mjini (Arusha)

MyISAM. Yote.

Bingwa wa SQL (Arusha)

Basi hapo ukuta umechorwa kwa chaki. MyISAM inapokea maneno ya ufunguo wa kigeni, haitoi kosa, halafu haifanyi chochote. Injini ya InnoDB ndiyo inayozilinda funguo hizo, na imekuwa chaguo la kawaida la MySQL kuanzia toleo la 5.5. Databesi yako itakuwa ilizaliwa kabla, au ilipitia kwa mtu aliyelazimisha MyISAM.

Wanaotumia SQLite, databesi ya faili moja, nao wasicheke: huko ulinzi unakuwa umezimwa kwa kawaida, na unauwasha kwa `PRAGMA foreign_keys = ON` kila unapofungua muunganisho mpya. Django imekuwa ikikuwashia tangu 2.0. Ukiifungua kwa mkono, washa mwenyewe.

Kijana, chukua bakapu kwanza. Halafu tafuta yatima, yaani mauzo ambayo bidhaa yake haipo tena:

`SELECT m.id, m.bidhaa_id FROM mauzo m LEFT JOIN bidhaa b ON b.id = m.bidhaa_id WHERE b.id IS NULL AND m.bidhaa_id IS NOT NULL;`

Kile kipande cha mwisho usikiache, la sivyo utahesabu na mauzo ambayo tangu mwanzo hayakuandikiwa bidhaa. Hao ni tatizo lingine.

Mgeni Mjini (Arusha)

Mzee asante sana. Imerudisha mistari 41. Niifute nibadili kwenda InnoDB?

Mlima Kahawa (Moshi)

Simama hapohapo, usifute! Tumeanza uzi huu na mtu aliyesafisha daftari.

Hayo ni mauzo, pesa iliingia. Bidhaa ndiyo iliyopotea. Kwanza angalia hizo 41 zina namba ngapi tofauti za bidhaa. Nakuhakikishia si 41, zitakuwa chache. Kisha tafuta stakabadhi za karatasi au bei. Mwenye duka akiona bei na tarehe atakuambia "hii ni bushi ya Noah" bila hata kufikiri. Bidhaa ulizozitambua zirudishe kwenye jedwali la bidhaa kwa namba yake ileile ya zamani, uziwekee hali ya "haiuzwi tena". Zisizotambulika kabisa, tengeneza bidhaa moja inayoitwa "Haijulikani", uzihamishie huko, ila namba yake ya zamani iandike kwenye safu ya maelezo usije ukaipoteza.

Baada ya hapo ndipo ubadili majedwali yote mawili kwenda InnoDB na kuongeza ufunguo wa kigeni. Kama kuna yatima hata mmoja amebaki, databesi itakataa, na safari hii ushukuru. Ikikataa na huna yatima, angalia aina ya safu: upande mmoja ukiwa `int` na mwingine `bigint`, au mmoja unakubali hasi na mwingine haukubali, haviungani.

Chalii wa Sakina (Arusha)

Mimi niko PostgreSQL na zangu kumi na moja zilizobaki. Nikiongeza ufunguo wakati yatima wapo si itanigomea na mfumo unatumika mchana kutwa?

Mlima Kahawa (Moshi)

Kwa PostgreSQL una bahati. Ongeza ufunguo kwa `NOT VALID`. Unaanza kulinda mistari mipya tangu sekunde hiyo, ya zamani unaiacha kwanza. Unasafisha yatima polepole jioni kwa jioni, ukimaliza unaendesha `VALIDATE CONSTRAINT`. Laravel haina neno lake kwa hilo, andika SQL tupu ndani ya migresheni kwa `DB::statement`. Bingwa atafurahi.

Bingwa wa SQL (Arusha)

Nimefurahi.

Mgeni Mjini (Arusha)

Mrejesho. Zile 41 zilikuwa bidhaa sita tu. Nimempelekea mwenye duka orodha ya bei na tarehe pale Unga Limited, tano amezitaja papo hapo. Ya sita ameitazama sana, akaniambia, "Hiyo si bidhaa, kijana wangu. Hiyo ilikuwa nauli ya boda, yule mwenzako alikuwa hana pa kuiandika."

Hii nayo naiweka wapi?

Mlima Kahawa (Moshi)

Jedwali jipya. Liite matumizi. Na kabla hujaandika koodi, muulize mzee ni vitu gani vingine walikuwa wanavificha kwenye bidhaa.